Kimo na Muda: Kuiandaa Nyumba ya Bondeni Kabla ya Masika

Anayekaa mabondeni mwa Dar es Salaam, iwe Jangwani, Kigogo, Magomeni Suna, Tandale au kandokando ya Mto Mzinga hahitaji kuambiwa kwamba maji yatakuja. Swali lake ni yatafika wapi, na yatamkuta saa ngapi. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande, na mvua za masika ya 2024 zilizokuja pamoja na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, zilitufundisha somo lilelile: vitu vingi huharibika kwa sababu vilikaa chini mno, na watu hunaswa kwa sababu waliamua kutoka wakiwa wamechelewa. Ndiyo maana tunaanza na kimo na muda. Kununua kunafuata, na vingi vya kununua ni vya bei ndogo.

Tafuta kwanza alama ya maji ukutani. Nyumba iliyowahi kuingiwa huwa na mstari wa tope nyuma ya kabati au mahali rangi imebabuka, na kama ukuta umepakwa rangi upya, muulize mpangaji wa zamani au jirani aliyekaa hapo miaka mingi. Pima kwa futi kamba kutoka sakafuni, ongeza sentimita 30, kisha chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kila chumba. Chochote kisichotakiwa kuloa kiishi juu ya mstari huo tangu mwisho wa Februari hadi masika yaishe, na tena Oktoba hadi Desemba wakati wa vuli. Kusema "tutapandisha mvua ikianza" hakufai, kwa sababu mvua inayojaza bonde mara nyingi huanza watu wamelala.

Kitanda hupandishwa kwa tofali za saruji za inchi 6 zilizolazwa. Mbili juu ya nyingine zinatoa takriban sentimita 30. Zisisimamishwe, maana tofali iliyosimama hupinduka mtoto akirukia kitandani. Kama kitanda ni cha chuma, weka kipande cha ubao kati ya mguu na tofali, la sivyo mguu utaichimba. Godoro la sponji likishaloa, mtu mmoja halibebi, nalo halikauki vizuri tena, kwa hiyo usiku wa mvua kubwa linatakiwa liwe kitu cha kwanza kupanda juu ya kabati. Friji nayo ikae juu ya tofali. Darini msiweke mizigo moja kwa moja juu ya silingibodi: hazibebi uzito, zitakatika zikiangukia watu. Pitisha mbao mbili juu ya kenchi, na mzigo ukae juu ya mbao hizo.

Upande wa muda, Mto Msimbazi una tabia mbili ambazo kila anayeishi bondeni anapaswa kuzijua. Ya kwanza, mto huu unatokea milima ya Pugu, Kisarawe. Mvua ikinyesha huko, maji yanafika Jangwani hata kama juu yenu mbingu ni nyeupe. Ukiwa na ndugu au rafiki Pugu au Gongo la Mboto, mkubaliane apige simu mvua inapokuwa kubwa huko. Ya pili ni bahari. Mto unaingia baharini karibu na Daraja la Selander, na wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakijaa pwani mto unakosa pa kumwagikia na unarudi nyuma. Wavuvi wa soko la Feri wanazijua saa za maji kujaa bila kutazama popote. Mvua ya wastani iliyokutana na bamvua inaweza kuwa mbaya kuliko mvua kubwa iliyokuta maji yamekupwa.

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisomwe zote, si kichwa cha habari peke yake. Rangi ya njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake huandikwa mambo mawili ambayo watu huyaruka: kiwango cha uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Kwa anayekaa bondeni, angalizo lenye athari za wastani ni sababu tosha ya kuhamishia wazee, wagonjwa na watoto wachanga kwa ndugu aliye kwenye mwinuko kabla ya jioni.

Kisha wekeni alama yenu wenyewe. Chagueni kitu kisichosogea kinachoonekana kutoka nyumbani hata usiku kwa tochi: nguzo, ukuta wa mfereji, ngazi ya jirani. Pakeni mstari mmoja wa rangi pale ambapo mfereji unakaribia kufurika, na mwingine sentimita 20 juu yake. Maji yakigusa wa kwanza, umeme unazimwa, godoro linapanda, begi linatoka. Yakigusa wa pili, watu wanaondoka, hata kama baba hajarudi kutoka kazini, hata kama pilau iko jikoni. Faida ya mistari hii ni kwamba inamaliza ubishi. Familia nyingi hupoteza nusu saa yenye thamani wakijadiliana kama maji "yatapungua sasa hivi".

Sasa mlango, jambo linalopuuzwa kuliko yote na linaloweza kuua. Nyumba zetu zina nondo madirishani na geti la chuma lenye kufuli, kwa hofu ya wezi. Usiku wa maji, ufunguo uko mfukoni mwa suruali, suruali iko kwenye kochi, kochi linaelea. Ufunguo wa akiba uning'inizwe kwenye msumari mmoja, ndani, kwa kimo cha kifua, umbali wa mkono kutoka kwenye kufuli lakini usiofikika kwa mtu aliye nje. Kila anayelala humo aujue msumari huo, pamoja na mtoto wa miaka saba na mgeni aliyefika jana. Afungue kufuli hilo mara moja gizani kwa mazoezi. Na kama mlango wenu ni wa bati la chuma unaofunguka kwa nje, mjue hesabu hii: maji ya kimo cha sentimita 60 yakiusukuma mlango wa upana wa sentimita 80, huku ndani kukiwa bado kukavu, nguvu yake inapita uzito wa kilo 140. Hakuna mtu wa kawaida atakayeusukuma. Mlango wa aina hiyo unafunguliwa mapema, au nondo za dirisha moja zinatengenezewa bawaba na kufuli ili liwe njia ya pili. Fundi wa kuchomelea anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Umeme uzimwe kwenye meni swichi maji yakiwa bado nje. Katika nyumba za kupanga, meni swichi mara nyingi iko koridoni au chumbani kwa mwenye nyumba, na akifunga akasafiri hakuna anayeifikia. Hilo lizungumzwe mapema, wapangaji wote wakiwepo. Ekstensheni isilale sakafuni msimu wa mvua, itundike ukutani. Maji yakishaingia na umesimama ndani yake, usiguse swichi wala kuchomoa chochote: toka. Waya ulioanguka nje ukae nao mbali mita 10 au zaidi, na kama umeangukia kwenye maji, hesabu kwamba dimbwi zima lina umeme.

Mtungi wa gesi, hasa ulio nusu au mtupu, unaelea. Ukielea unavuta mpira, mpira unachomoka, na gesi inajaa chumba kilichofungwa. Funga valvu, toa regyuleta, ufunge mtungi kwa kamba kwenye nondo ya dirisha ukiwa wima. Maji yakishatoka, mkiurudisha, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakivimba, gesi inavuja, msiwashe kitu.

Viroba vya mchanga vinasaidia kununua muda, havizuii mafuriko. Jaza nusu tu. Kiroba kilichojaa ni cha mviringo na kizito, hivyo vinaacha matundu kati yao, ilhali kilichojazwa nusu kinalala na kushikana na mwenzake. Tandaza nailoni nene chini na upande wa maji, panga kama tofali, kiungo cha safu ya juu kiwe katikati ya kiroba cha chini, na kila safu uikanyage. Ila wengi wanaziba mlango kwa ustadi, halafu maji yanaingilia chooni. Mfereji wa nje ukijaa, maji machafu yanarudi kupitia tundu la choo na la bafuni kabla hata hayajafika kizingitini. Chukua mfuko imara wa plastiki, tia mchanga kilo kama 5, funga, uukandamize kwenye tundu la choo, na juu yake weka kiroba kizito. Tundu la bafuni hivyohivyo.

Tunasisitiza la chooni kwa sababu ya kile kilichomo kwenye maji hayo. Kila mvua kubwa wapo wanaotapisha vyoo vyao, yaani kufungulia shimo lichukuliwe na mafuriko. Tabia hiyo inajulikana, na madhara yake tunayapata sote kwa kuhara na kipindupindu. Kwa hiyo maji ya mafuriko yahesabiwe kuwa ni maji ya choo, hata yakionekana maangavu.

Hapo ndipo maji safi yanapokuwa akiba ya kwanza, mbele ya chakula. Kwa kunywa na kupikia peke yake, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 5 kwa siku 3 ni lita 75, sawa na madumu manne ya lita 20 ukibakiwa na kidogo. Ya kunawa na ya chooni ni mengine. Tunapendelea madumu kuliko jaba la lita 100, kwa sababu jaba lililo sakafuni likizungukwa na maji hupinduka au kifuniko kinanyanyuka na uchafu unaingia, nalo huwezi kulihamisha. Dumu lenye kifuniko cha kuzungusha linapanda juu ya meza na linabebwa na mtu mmoja. Lililokuwa la mafuta ya kula linafaa likioshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi harufu iishe. Lililobeba petroli, rangi au dawa ya wadudu halifai milele, hata lioshwe vipi. Andika tarehe kwa kalamu, tumia la zamani kwanza, jaza jipya. Mzunguko huo hauna gharama na maji hayalali miezi.

Akiba ikiisha, au bomba likirudi na maji ya rangi, yatibuni. Njia ya uhakika ni kuchemsha hadi yatokote kwa nguvu dakika 1, yapoe yakiwa yamefunikwa, katika chombo hichohicho. Mkaa ukikosekana, vidonge vya klorini. Hapa kosa ni moja na linajirudia: vidonge vina ukubwa tofauti, vipo vya lita 1, vya lita 5 na vya lita 20, na kwa macho vinafanana. Cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Mtu akikitia kwenye chupa ya lita 1 maji hayanyweki. Akitia kile kidogo kwenye ndoo, anakunywa vijidudu akiamini yuko salama. Soma karatasi kabla ya kukata. Maji yenye tope yaache yatulie, yamimine taratibu, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, ndipo utie dawa, na kama bado yana ukungu weka dozi mbili. Subiri dakika 30. Maji yaliyotibiwa vizuri yananukia klorini kwa mbali. Yasiponukia kabisa, rudia. Lakini klorini haiondoi petroli, oili wala kemikali, na Msimbazi unapita kwenye gereji na viwanda. Maji yenye utando wa rangi rangi juu yake msiyatibu, yamwageni.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Chagueni kisichotaka moto wala maji: tende, karanga, biskuti, mkate mkavu, samaki wa kopo, maziwa ya unga kwa mtoto aliyekwisha kuyazoea, na kifungulia kopo. Mchele na maharage ni akiba nzuri ya siku ya tatu, jiko likirudi. Vyote vikae kwenye ndoo ya mfuniko unaobana, juu ya mstari.

Begi la kuondokea liwe la mgongoni. Begi la shangazi kaja linabeba vingi, ila linataka mikono miwili, na mikono hiyo ina mtoto. Kwenye begi weka tochi au taa ndogo ya sola, simu ya kitochi iliyochajiwa yenye laini inayofanya kazi, karatasi yenye namba za ndugu zilizoandikwa kwa mkono (simu ikizima hakuna anayekumbuka namba), fedha taslimu za noti ndogo, filimbi, kanga mbili, sabuni, pedi, nepi, nguo moja kavu ya kila mtoto. Kanga ni za kubebea mtoto, kufunga jeraha, kujisitiri na kulalia; hakuna kitu kingine kinachofanya kazi nne kwa uzito huo. Begi likishajaa, livae, panda nalo ngazi ukiwa umebeba mtoto. Likikushinda, punguza.

Nyaraka zinastahili uangalifu zaidi ya nguo. Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki na za bima, vyeti vya shule, mkataba wa pango au hati ya kiwanja: vyote kwenye mfuko wa zipu, nao ndani ya mfuko mwingine wa zipu, umeminywa hewa itoke. Mfuko mmoja peke yake hupenya maji kwenye pembe ya zipu. Piga picha kila karatasi pande zote mbili na umtumie ndugu anayekaa mkoa mwingine, kwa sababu simu yako inaweza kuzama pamoja na karatasi.

Mwenye dawa za kila siku, za presha, kisukari, pumu, kifafa au ARV, awe na za wiki mbili mbele kila wakati, na aandike jina la dawa na miligramu zake kwenye karatasi itakayokaa na nyaraka. Kituo chochote kitamhudumia haraka akiwa na karatasi hiyo. Insulini ni suala la peke yake. Umeme ukikatika, chupa inayotumika huweza kukaa nje ya friji takriban wiki nne kama joto halizidi nyuzi 30, na chumba cha bati Dar huzidi hapo mchana. Weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, ulowanishe mara mbili kwa siku, funika kwa kitambaa kibichi, na chupa ikae ndani ya mfuko mkavu. Isilazwe juu ya barafu: ikiganda imeharibika.

Mkikwama nyumbani kwa baridi na mvua, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mnamolala, hata kama makaa yanaonekana kufa. Hewa yake ya sumu haina harufu wala moshi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Mshumaa na kibatari navyo visikae karibu na chandarua.

Kupita ndani ya maji yanayokwenda ni hatari kuliko yanavyoonekana. Sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinaelesha gari dogo, 60 zinabeba magari mengi, yakiwemo makubwa. Kama hakuna budi, vaa viatu vilivyofungwa, shika mti mrefu, ugusishe chini mbele yako kabla ya kila hatua, maana mifuniko ya mitaro na mashimo ya vyoo huwa imeondoka. Kamba ishikwe kwa mkono, isifungwe kiunoni: ikikaza kwenye mkondo humvuta mtu chini na hawezi kujifungua. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112; ziandikwe nyuma ya mlango. Lakini barabara ikiwa imekatika, wa kwanza kufika ni jirani, kwa hiyo mjumbe na majirani wajue mapema ni nyumba ipi ina bibi asiyetembea na ipi ina mama mjamzito.

Mkirudi, meni swichi ibaki imezimwa hadi fundi akague. Friji iliyozama isichomekwe ili "kuijaribu". Tope lililo kwenye viunganishi vya kompresa ndilo linaloiunguza, na ingeweza kupona ikikaushwa kwanza. Usafi una utaratibu: toa tope, osha kwa sabuni, suuza, ndipo klorini, kwa sababu klorini inayomwagwa juu ya tope inaishia kwenye tope. Kwa dawa ya kufulia yenye klorini asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji kinatosha kwa sakafu na kuta. Acha dakika 10 kisha suuza. Isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo, mvuke wake unachoma mapafu. Vaa glavu na viatu, na aliyekatwa na msumari au bati aende kituo cha afya kwa chanjo ya pepopunda, asisubiri jeraha livimbe.

Mtoto akianza kuhara, pakiti ya ORS kwenye lita 1 ya maji yaliyotibiwa, kidogokidogo kwa kijiko, na madini ya zinki kutoka kituoni kwa siku 10 hadi 14. Pakiti zikikosekana, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo, kwa lita 1. Chumvi isizidi, ikizidi inamdhuru zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mama anayenyonyesha aendelee. Kuhara kwa maji mengi meupe kama ya mchele uliooshwa, macho yakiingia ndani, ni safari ya kituoni saa hiyohiyo, huku akinyweshwa njiani.

Kwa asiye na fedha ya vyote kwa mpigo, mpangilio wetu ni huu: wiki ya kwanza mstari ukutani, ufunguo kwenye msumari na mifuko ya zipu, ndani ya mwezi mmoja madumu manne na vidonge, tofali na tochi baadaye, nondo za dirisha zikifuatia fedha ikipatikana. Mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba, mlitoe begi lote juani. Betri za tochi zitolewe zikae pembeni zisivuje, nepi zibadilishwe kwa umri wa mtoto, biskuti ziliwe zinunuliwe nyingine, na tarehe za vidonge vya klorini, ORS na dawa zisomwe moja moja.